Machweo Yametosha

Nina ombi kwa kila msee mwenye kamera, droni, au simu yenye macho matatu mgongoni. Kwa miaka miwili tu, tafadhali, usipige picha ya jua likizama Ziwa Victoria. Ukishindwa kabisa kujizuia, piga lakini usiposti. Mwonyeshe mamako, kisha ufute.

Picha yenyewe unaijua. Mashua moja, nyeusi tii. Mvuvi mmoja, mweusi tii, amesimama. Wavu uko hewani umefunguka kama mwavuli. Nyuma yake jua limevimba kama kiini cha yai la kienyeji na maji yote yamegeuka rangi ya chungwa. Chini yake kuna maneno kuhusu amani, au Kenya ilivyo tamu. Inaweza kuwa Mbita, Takawiri, Sori, Muhuru Bay, Dunga kule Kisumu, hata Entebbe. Huwezi kujua ni wapi, na aliyeipiga wala hajali kama utajua.

Mimi najua inavyotengenezwa kwa sababu nimeitengeneza. Desemba 2018, Muhuru Bay, kaunti ya Migori, nilimlipa kijana mmoja shilingi mia mbili atupe wavu hewani mara kumi na moja. Wavu wenyewe ulikuwa wa kuazima. Yeye ni mvuvi wa omena, na mvuvi wa omena saa hiyo hatupi kitu hewani. Saa hiyo anapakia taa, petroli, na chapati zilizofungwa kwa gazeti, anasukuma mashua na wenzake waingie ziwani mpaka asubuhi, maana omena hufuata taa, na taa haina nguvu bila giza. Kazi yake ya kweli ilikuwa inaanza pale mimi nilipokuwa nafunika lenzi nikiwazia soda baridi. Alipotupa mara ya kumi na moja akaniambia, "Buda, leo mwezi unatoka saa tatu. Wacha tuwahi giza." Sikumwelewa. Nilidhani anataka niongeze pesa.

Ile picha ilipendwa na watu elfu nne. Uso wa yule kijana hauonekani popote ndani yake.

Hebu tuongee juu ya hilo kidogo. Ukipima mwanga kwa kufuata anga linalowaka, mtu aliye mbele yake anageuka kivuli. Ni hesabu tu, kamera haina ubaya. Lakini angalia ni nani tunayemfanyia hesabu hiyo kila siku. Zamani za filamu, maabara zilikuwa zikipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa Shirley, na watu weusi walitoka kwenye picha wakiwa meno na macho. Watu walilalamika miaka mingi mpaka mambo yakabadilika. Leo simu ya bei ya chini inaweza kuuona uso wa mtu wa Nyatike vizuri kabisa, mpaka kovu la shavuni. Na sisi, watoto wa hapa hapa, bila kulazimishwa na mtu, tunamsimamisha mbele ya jua ili apotee.

Sasa nieleze kwa nini nina hasira hivi, maana najua utasema ni picha tu, bana, tulia.

Nyanya yangu alizaa binti mmoja ambaye mimi namwita waya, yaani shangazi, dada ya baba. Waya anauza omena Muhuru Bay tangu kabla sijazaliwa. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, mabati juu, udongo na simenti ukutani, hatua chache kutoka majini. Nikisema hatua chache simaanishi hoteli ya kando ya ziwa. Namaanisha usiku ukilala unasikia mashua zikigongana. Mlango wake ulitazama magharibi, na kwa sababu hiyo ndipo mahali pazuri pa kupigia machweo ufukweni kote. Desemba 2017, 2018 na 2019 nilisimama kwenye kizingiti chake, kamera juu ya miguu mitatu, nikingoja jua lishuke. Wapiga picha wengine waliokuja nao pia nilikuwa nawapeleka hapo. Waya alikuwa anatuletea viti.

Halafu ukaja 2020. Mvua ilinyesha kama imetumwa. Mwezi wa Mei ziwa lilipanda likapita hata rekodi ya 1964, ile ambayo wazee walikuwa wakiitaja kama hadithi. Kendu Bay, Sori, Mbita, Muhuru, maji yaliingia madukani, vyooni, makaburini. Mimi nilikuwa nimefungiwa Nairobi, si unakumbuka, kuanzia Aprili mpaka mapema Julai hakuna kutoka wala kuingia. Waya alinipigia simu asubuhi moja akasema maji yamefika kitandani. Wiki mbili baadaye akasema ukuta wa nyuma umelala.

Nairobi ilipofunguliwa nikasafiri mchana, maana usiku kulikuwa na kafyu. Ilikuwa Julai, mwezi ambao sijawahi kuwa ziwani tangu niwe mtu mzima. Nilikuta maji mahali nilipokuwa nikisimamisha kamera. Nyumba haikuwepo. Waya alikuwa ameketi kwa jirani, sweta mbili, akichambua maharagwe.

Siku hizo kulikuwa na watu wanaozunguka kuandika majina ya walioathirika. Walikuwa wanataka kujua nani alikuwa na nyumba kweli na nani anajichomeka tu, na sikatai, wa kujichomeka walikuwepo. Waya aliniangalia kama mtu aliyekumbuka kuwa ana akiba benki. "Nyathina," akaniambia, "si wewe ulikuwa unapiga picha hapa kila Krismasi? Toa moja yenye nyumba tuwaonyeshe hawa watu."

Nikafungua laptopu. Desemba tatu, picha mia sita na kumi na mbili zilizopigwa kutoka mlangoni kwake. Nilizipitia zote, yeye akiwa nyuma yangu, mkono begani mwangu. Jua, jua, mashua, jua, wavu, jua. Katika moja kulikuwa na kuku wake, kichwa kimekatwa na ukingo wa picha. Katika nyingine kulikuwa na mguu wa kiti. Nyumba haimo hata mara moja, kwa sababu mara zote mia sita na kumi na mbili nilikuwa nimeipa mgongo.

Waya hakusema neno baya. Alisema, "Kumbe ulikuwa unapiga jua tu," kwa sauti ile ile ambayo angesema kumbe mvua imeisha. Jina lake liliandikwa hatimaye kwa ushahidi wa majirani.

Kwa hivyo ukiniambia ni picha tu, sawa. Lakini ufukwe ule ulikuwa unapigwa picha kuliko ukumbi wowote wa harusi Migori, na ziwa lilipoumeza hakukuwa na picha hata moja ya kuonyesha ulikuwaje. Ramani kichwani mwa akina mama tu. Yule aliyekuwa na choo pale, yule aliyekuwa na kibanda cha chai, ule mti uliokuwa na ubao wa matangazo ya bichi. Na hapa lazima niseme kwa wale wa Nairobi na Mombasa: kule kwetu bichi si mahali pa kuanika mapaja. Bichi ni kazi. Ina mwenyekiti, ina mizani, ina daftari la mashua, ina kesi. Ukipiga machweo umepiga kila kitu isipokuwa bichi.

Nilikaa mwezi mzima ule Julai, na ndipo nikagundua kuwa nilikuwa sijui chochote kuhusu mahali ninapojidai ni kwetu.

Kwanza, msimu. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena kwa kawaida hufungwa upande wa Kenya, samaki wazaliane. Sisi wa Desemba hatujui hilo. Tunafika mashua zimejaa, taa zinawaka mbali usiku kama mji mwingine umejengwa juu ya maji, kila mtu ana pesa kidogo na nyimbo zinalia mpaka asubuhi. Nenda Juni uone. Mashua zimepinduliwa mchangani, matumbo juu, na mafundi wanaziba nyufa. Mashini zimebebwa nyumbani, zimelala chini ya vitanda kama wagonjwa. Nyavu zimetundikwa, na wanaume wenye mikono minene kama mihogo wanashona matundu kwa subira ya fundi wa nguo za harusi. Pale kwenye mchanga ambapo Desemba huwezi kupita kwa sababu ya mashua, vijana wamechora uwanja wa mpira. Goli moja liko majini.

Wengine, bila shaka, huingia ziwani hivyo hivyo usiku, na wengine hununua kutoka upande wa Tanzania. Njaa haisomi kalenda. Hayo nayo yana picha zake, ila hizo sitakushauri uzipige.

Pili, baridi. Mtu wa Nairobi atacheka: Homa Bay kuna baridi gani? Mchana hamna, ni kweli. Lakini Juni na Julai upepo wa ziwani ukikupata alfajiri, umelowa, umekaa juu ya ubao tangu saa moja usiku, utajua ni baridi gani. Wanawake huwa wanangoja ufukweni wamejifunga leso mbili na sweta ya shule ya mtoto. Kumepambazuka. Anga ni la rangi ya sufuria. Mawingu ya asubuhi hiyo ni kama shuka jeupe lililotandazwa kote juu: yanachukua lile jua letu la ikweta, ambalo saa sita linamchimba mtu mashimo chini ya macho, na kuligawa polepole kila upande. Uso wa mtu mweusi ndani ya mwanga ule unaonekana wote. Nilimpiga jirani ya waya akiwa amebeba karai tupu, hana habari nami kwa sababu anatazama maji, na kila kitu kimo usoni: hesabu ya deni, usingizi, na kitu fulani kinachokaribia kicheko kwa sababu mwenzake alikuwa ametoka kusema maneno machafu. Katika miaka yangu yote ya machweo sikuwa nimepata uso hata mmoja.

Na tatu, omena na mvua. Hili nililiona mwaka uliofuata, mwishoni mwa Machi, kabla ya kufungwa. Omena hukaushwa juani, zimetandazwa juu ya nyavu kuukuu. Zikiwa karibu kukauka mvua ikaja kutoka upande wa kisiwani, ukuta mzima, unaiona ikitembea. Wanawake kama thelathini walikimbia kwa pamoja kukunja nyavu. Dakika nne, tano. Aliyewahi aliwahi. Za waliochelewa zililowa, zikaanza kuharibika, na omena ya namna hiyo hailiwi tena na watu, inauzwa ikawe chakula cha kuku, kwa bei ya kukutia uchungu. Gorogoro ambayo ingelipa karo inalipa nauli. Nilipiga picha arobaini hivi, nyingi zimetikisika, maji kwenye lenzi. Ndizo picha bora nilizowahi kupiga.

Nilizipeleka Nairobi, mahali fulani panapoonyesha picha, na sitapataja. Msimamizi alikuwa mpole. Alizipitia akinywa chai ya tangawizi. Akaniuliza kama sina kitu chenye mvuto zaidi, chenye rangi, kwa sababu watu wanataka kuona ziwa. Nikamwambia hili ndilo ziwa. Akasema, "Ndiyo, lakini si vile watu wanalifahamu." Nikaenda nyumbani na sentensi hiyo. Bado ninayo.

Najua hoja ya upande wa pili, na haina ujinga. Utalii unaleta pesa, na machweo yanaleta watalii. Tangu Homa Bay iandae Madaraka, Juni 1 2025, kwa kauli mbiu ya uchumi wa samawati, kila mtu anataka kuiuza ziwa, na sawa, iuzwe, barabara zije, hoteli zijae. Sina shida. Ila jiulize: sherehe ya uchumi wa ziwa ilifanyika mwezi ambao nyavu za omena zinatakiwa kuwa zimetundikwa. Hiyo peke yake ilikuwa habari nzima, yenye picha tele, ufukwe mtupu, mashua zimepinduliwa, watu wakieleza wanakula nini miezi minne. Zilizonifikia kwa simu zilikuwa za gwaride, jukwaa, na, utakisia, jua likizama.

Hoja nyingine ni nzito zaidi. Kwamba nikiacha dhahabu nikapiga matope na mvua, nawauza watu wangu kama maskini. Hii imeninyima usingizi. Kulikuwa na Mwingereza, Martin Parr, aliyepiga picha za watu wakistarehe New Brighton, kamji ka pwani karibu na Liverpool. Kitabu chake The Last Resort kilitoka 1986: chipsi, takataka, watoto wanalia, watu wamelala juu ya simenti. Walio wengi walikisifu baadaye, lakini wakati huo wapo waliokasirika wakasema anawadharau wafanyakazi. Labda walikuwa na haki kidogo. Lakini angalia walichokuwa nacho: picha za pwani yao iliyochoka, za kubishania. Waingereza wana wapiga picha wanaongoja hasa msimu uishe, vibanda vya aiskrimu vifungwe, upepo wa Novemba uanze kurusha viti, ndipo watoke na kamera. Bahari yao imepigwa picha ikiwa na kamasi. Hakuna anayesema hawaipendi. Sisi hatuna hata hiyo picha ya kugombania. Tuna jua.

Na nani amesema Julai ni huzuni? Hapo ndipo nakataa kabisa. Huzuni niliyoiona ni ya watu waliopoteza nyumba, na hiyo ilikuwa ya 2020. Julai ya kawaida ni watu wanaosukana nywele mchana kutwa. Ni wazee wanaocheza ajua chini ya mti na kuibiana mbegu. Ni mashini ya mashua imefunguliwa katikati ya sebule na bibi wa nyumba analalamika mafuta yamemwagikia makochi. Pale gati ya Homa Bay, siku ambazo magugu maji yamesukumwa na upepo yakaziba kila kitu, utadhani ni shamba la sukumawiki, niliwahi kumkuta mtu ameketi ukingoni na ndoano, anavua katika tundu dogo kama sahani. Nikamuuliza kama anapata. Akasema, "Leo nimekuja kuwaangalia tu." Huyo ungempiga vipi kwa machweo?

Rusinga yenyewe imebeba Julai yake. Tom Mboya aliuawa Nairobi Jumamosi, Julai 5, 1969, na kaburi lake liko pale kisiwani, ndani ya jengo lenye umbo la risasi. Wageni wa Desemba, wale wa tamasha, huenda wakapiga nalo selfi. Nilienda Julai moja. Upepo ulikuwa unavuma mpaka bati fulani la jirani likawa linapiga kelele kama mtu anayekatiza hotuba. Mlinzi alikuwa amevaa koti la mvua bila mvua. Nilipiga picha tatu nikaacha. Zilitosha.

Wakati mwingine natamani tungekuwa na ukali zaidi kuhusu jambo hili. Thimlich Ohinga, ule mji wa mawe yaliyopangwa bila chokaa kule Migori, ulipoingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2018, droni zilikuja saa sita mchana, jua la utosi, mawe yote bapa kama biskuti. Nenda baada ya mvua. Jiwe likilowa kila moja linakuwa na rangi yake na unaona mkono wa mtu aliyelichagua. Lakini hapo natoka nje ya mada, hakuna ziwa Thimlich.

Kama utakuja, na nataka uje, njoo kati ya Aprili na Julai. Basi za Migori zinaondoka Nairobi jioni. Unashuka alfajiri umekunjika, unakunywa chai, unapanda Probox kwenda Muhuru mkiwa kumi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, kwa hivyo kwa kamera beba ile kofia ya kuogea ya hoteli, inaenea vizuri. Salimia kwanza. Nenda kwa mwenyekiti wa bichi ujitambulishe, usianze kupiga ovyo, kuna akina mama ambao hawataki nyuso zao na wana sababu zao. Uliza jina. Ukirudi Nairobi chapisha picha kwa karatasi na uwarudishie, kwa sababu simu huzama na karatasi watu huificha chini ya godoro.

Waya sasa anakaa juu, karibu na barabara, mbali na maji. Amejenga chumba kimoja na nusu. Kutoka hapo ziwa huonekani isipokuwa mstari mwembamba, na machweo yanazibwa na mnara wa simu. Mlango ameupaka kijani. Nimeupiga ukiwa umefungwa, umefunguliwa, nusu, asubuhi, wakati wa mvua, yeye akiwa ndani, yeye akiwa hayupo, kuku akiwa kwenye kizingiti na kichwa chake chote. Juzi nilimpelekea bahasha yenye picha ishirini. Akazihesabu, akazipanga kitandani, akachukua mbili, akanirudishia zilizobaki. "Mlango ni mmoja," akasema. "Hizi nyingine mpe jirani, yeye hana hata ya nyumba yake."